Harufu Iliyotunga Sheria

Mnamo Juni 1858, mapazia ya Bunge la Uingereza yalirowekwa katika dawa ya chokaa ili wabunge waweze kuvuta pumzi. Joto lilikuwa kali, na uchafu wa mji wenye watu zaidi ya milioni mbili ulikuwa umelala kingoni mwa mto Thames, chini ya madirisha ya watunga sheria wenyewe. Kisa hiki aghalabu husimuliwa kama ushindi wa mhandisi Joseph Bazalgette. Hata hivyo, michoro ya Bazalgette ilikuwa tayari tangu 1856. Kilichokosekana si elimu ya kuchimba mifereji, bali sheria ya kumpa ruhusa na fedha.

Si kwamba sheria zilikuwa haba. Tangu 1531, katika zama za Mfalme Henry VIII, makamishna wa mifereji walikuwa na mamlaka ya kuwatoza wenye ardhi. Asili ya sheria hiyo ni mashamba na kuta za kuzuia mafuriko: anayenufaika na ukuta auchangie kwa kadiri ya ardhi yake. Shambani kanuni hiyo ilikuwa na haki yake, kwani jirani humwona jirani akizama. Mjini ilipwaya. Aliyejenga mlimani huyaachia maji yake yateremke kumfurikia wa bondeni, wala haoni kwa nini achangie.

Mifereji yenyewe ilikusudiwa maji ya mvua. Hadi 1815 ilikuwa marufuku kuielekezea vyoo. Marufuku ikaondolewa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1840 kuunganisha kukawa ni lazima. Makaro yakafungwa, nyumba zikapata nafuu, mto ukaharibika. Kinyesi kiliondoka na maji kupwa, kikarejea na maji kujaa, na baadhi ya kampuni zilichota humo humo maji ya kunywa. Kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliua zaidi ya watu 14,000 mjini London.

Sheria ya 1855 ikaunda bodi moja ya jiji zima, juu ya mabaraza mengi ya mitaa. Bodi ilipewa wajibu wa kuzuia uchafu usiingie mtoni ndani ya mipaka ya jiji, kisha ikafungwa mikono: michoro ipate idhini ya waziri, na kazi ya zaidi ya pauni 100,000 ipate idhini ya Bunge. Michoro ikarudishwa. Ukazuka ubishi juu ya mahali pa kumwaga uchafu, na nani alipie masafa ya ziada. Ubishi huo ungeweza kuendelea miaka na miaka, lau harufu isingeingia ukumbini.

Julai 15, 1858, Benjamin Disraeli, waziri wa fedha, aliwasilisha mswada. Agosti 2 ukawa sheria. Idhini ya waziri iliondolewa. Bodi iliruhusiwa kukopa pauni milioni 3 kwa dhamana ya Hazina, deni lilipwe kwa kodi ya majengo ya peni 3 katika kila pauni kwa muda wa miaka 40. Wa mlimani na wa bondeni wakalipa katika mfuko mmoja, na pamoja nao watoto ambao hawakuwa wamezaliwa.

Kulipa sawa hakukuwa kupata sawa. Mwaka 1866 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 5,000 mashariki mwa jiji, mitaa ya maskini, ambako kituo cha pampu cha Abbey Mills kilikuwa bado hakijamalizika. Kilifunguliwa 1868.

Mwaka 1875, mtandao huo ulipokamilika, Sultan Barghash wa Zanzibar alikuwa mgeni wa London. Baadaye aliuletea mji wake maji ya chemchemi kwa mabomba. Njia ya maji machafu ni habari nyingine.

Sheria ilisema ndani ya mipaka ya jiji, nayo ikatiiwa kwa herufi zake. Uchafu ulimwagwa Barking na Crossness, nje kidogo ya mpaka. Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice ilizama karibu na hapo, muda mfupi baada ya uchafu kufunguliwa mtoni, na zaidi ya watu 600 wakafa. Kuanzia 1887 tope la kinyesi lilipakiwa melini likatupwe baharini. Safari hizo zilikoma 1998.