Eveleth, mji wa machimbo uliolea mabingwa wa barafuni

Kaskazini mwa jimbo la Minnesota nchini Marekani, kwenye ukanda wa machimbo ya chuma uitwao Mesabi, upo mji mdogo wa Eveleth. Mwaka 1950 wakazi wake hawakufika 6,000. Hata hivyo, kati ya 1948 na 1951, vijana wa shule yake ya sekondari walitwaa ubingwa wa jimbo katika mpira wa magongo wa barafuni mara nne mfululizo, wakizipiku shule za majiji makubwa. Wengi wameusimulia ushindi huo kama muujiza. Historia ya mji inaonyesha vingine: ubingwa wa Eveleth uliandaliwa kwa zaidi ya miaka 25, tena kwa fedha za umma.

Huku kwetu wengi tunaujua mchezo wa magongo wa kwenye nyasi. Ule wa barafuni una wachezaji sita kila upande, golikipa akiwemo. Huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakigombea kisahani kigumu cha raba. Baridi ya Minnesota hugandisha maziwa kwa miezi kadhaa, kwa hiyo mtoto wa huko hakosi mahali pa kuanzia. Ila maelfu ya watoto walicheza kwenye maziwa hayo, na ni Eveleth iliyotoa mabingwa.

Mji huu ulizaliwa miaka ya 1890. Ilipobainika kwamba madini yamelala chini ya nyumba zenyewe, majengo yakang'olewa na kuvutwa hadi mahali pengine ili kupisha machimbo. Kazi ya shimoni iliwaleta Waslovenia, Wakroatia, Wafini na Waitalia, ambao kila jamii ilikuwa na lugha yake, kanisa lake na chakula chake. Wachimbaji walibeba kazi ya hatari kwa ujira mdogo, na migomo mikubwa ya 1907 na 1916 ilitikisa ukanda mzima. Lakini miji ya Mesabi ilijua jambo moja muhimu: madini yakishatoka hayarudi. Ikazitoza kampuni za machimbo kodi, na fedha hizo zikajenga shule bora, maktaba na viwanja.

Eveleth ikajenga ukumbi wa barafu. Hippodrome ulifunguliwa mwaka 1922, na timu ya watu wazima ya mji ilileta wachezaji mahiri kutoka Kanada, akiwemo Ching Johnson, ambaye baadaye alivuma na timu ya New York Rangers. Mtoto wa mchimbaji aliweza kuutazama mchezo wa kiwango cha juu karibu na kwao, kisha kesho yake akaenda kujaribu mwenyewe alichokiona.

Matunda ya kwanza yalionekana langoni. Katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, wachezaji wa ligi kuu ya NHL walikuwa karibu wote Wakanada. Hata hivyo makipa watatu waliokulia Eveleth walipenya. Mike Karakas alitwaa Kombe la Stanley, taji la ligi hiyo, na Chicago mwaka 1938. Frank Brimsek, katika msimu wake wa kwanza na Boston, alimaliza michezo 10 bila kufungwa, akalibeba kombe hilohilo mwaka 1939. Sam LoPresti, akilinda lango la Chicago mwezi Machi 1941, aliokoa michomo 80 katika mchezo mmoja. Kwa watoto waliobaki nyumbani, hawa hawakuwa mashujaa wa kusoma magazetini tu. Walikuwa kaka zao wa mtaani.

Aliyeufunga uzi huu pamoja alikuwa mwalimu Cliff Thompson, kocha wa timu ya shule hadi 1958. Rekodi yake ni ushindi mara 534, kushindwa mara 26 na sare 9. Minnesota ilipoanzisha mashindano ya kwanza ya shule za jimbo mwaka 1945, katika jiji la St. Paul, takriban kilomita 300 kusini, vijana wake walifungua kwa kuichapa Granite Falls mabao 16 kwa 0. Fainali wakaifunga Thief River Falls 4 kwa 3, wakawa mabingwa wa kwanza kabisa.

Kisha kikaja kizazi cha 1948. Lango lilikuwa la Willard Ikola, mbele alikuwepo John Matchefts, na pamoja nao John Mayasich, kijana mdogo kutoka familia ya Kikroatia. Mwaka huo walishinda fainali dhidi ya Warroad mabao 8 kwa 2. Mwaka 1949 na 1950 waliishinda Williams, mara ya pili kwa tofauti ya bao moja tu.

Msimu wa 1951 ulikuwa kilele. Matchefts na Ikola walikwishamaliza shule, na mzigo ukamwangukia Mayasich. Katika nusu fainali dhidi ya Minneapolis Southwest alipachika mabao 7. Fainali Eveleth iliifunga St. Paul Johnson 4 kwa 1, na mabao yote manne yalikuwa yake. Alimaliza mashindano ya mwaka huo akiwa na mabao 15. Katika miaka yake yote ya sekondari, Eveleth ilicheza michezo 69 bila kupoteza hata mmoja.

Thamani ya msimu huo inapimwa vizuri zaidi kwa yaliyofuata. John Mariucci, mwana wa Eveleth wa kizazi cha kabla yao, alikuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Minnesota tangu 1952, akipigania vijana wa Kimarekani wapewe nafasi ambazo vyuo vingi viliwapa Wakanada. Mwaka 1956 aliiongoza timu ya taifa kwenye Olimpiki ya Cortina, Italia. Ikola alisimama langoni, Mayasich na Matchefts wakashambulia. Marekani iliifunga Kanada 4 kwa 1, Mayasich akifunga matatu, na ikarudi na medali ya fedha. Mwaka 1960 Mayasich alikuwemo kwenye kikosi kilicholeta dhahabu ya kwanza ya Marekani katika mchezo huu.

Ikola akageuka mwalimu. Kuanzia 1958 hadi 1991 alifundisha Edina, kitongoji cha Minneapolis, akatwaa ubingwa wa jimbo mara nane. Alichokipokea kwa Thompson kikawafikia watoto wasiowahi kukanyaga Eveleth. Na Marekani ilipoushinda Muungano wa Kisovieti kwenye Olimpiki ya 1980, pasi ya bao la ushindi ilitoka kwa Mark Pavelich, mzaliwa wa mji huohuo.

Mwaka 1973 Jumba la Heshima la magongo ya barafuni la Marekani lilifunguliwa Eveleth, na Thompson, Brimsek na Mariucci wakawa miongoni mwa wa kwanza kuenziwa. Mji wenyewe umepungua: sensa ya 2020 ilihesabu takriban watu 3,500, na shule yake imeunganishwa na za miji jirani. Chuma bora kilikwenda kuyeyushwa kwingine na hakitarudi.

Ndiyo maana nasisitiza kuwa urithi wa 1951 usisomwe kama hadithi ya kipaji cha kijana mmoja. Mayasich alikuwa na kipaji cha nadra, lakini kipaji hicho kilikuta ukumbi uliokwisha jengwa, mwalimu aliyekwisha kaa miaka mingi kazini, na kaka waliokwisha thibitisha kwamba njia inapitika. Wazee wa Eveleth walichukua sehemu ya utajiri usiodumu wakauweka kwa watoto. Uamuzi huo ndio ulioshinda St. Paul, na ndio unaostahili kuigwa na kila mji wenye utajiri ardhini.