Ngamiani katika Ramani za Waja Leo

Uko usemi hapa kwetu ambao hata aliyeshuka basi jana anaujua: Tanga, waja leo waondoka leo. Tunawatania nao wageni. Lakini mimi, kijana wa Moa niliyehamia Ngamiani, kila nikizitazama ramani za zamani za mji huu usemi huo naupata kwa maana nyingine. Waliochora ramani hizo nao walikuwa waja leo. Mdachi aliuteka mji mwaka 1889, akatolewa 1916. Mwingereza akashika, na bendera yake ikashuka Desemba 1961. Wote wameondoka, ila mistari waliyoipiga wametuachia, na sisi tunaishi ndani yake.

Tuanze na mstari wa mbali. Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kugawana nchi kwa mstari uanzie mdomo wa mto Umba. Mwaka 1893 wakapatana tena, mstari uanzie Ras Jimbo. Kwenye karatasi ni uzi mwembamba tu. Kwetu Moa, mwendo mfupi kusini ya hapo, uzi huo ulipita katikati ya ukoo: Mdigo wa huku na Mdigo wa kule, Msegeju wa Moa na shangazi yake wa Vanga. Wenyewe hawakuulizwa.

Ramani kubwa ya Wadachi ya nchi nzima ilichapwa Berlin kwa kipimo cha 1 kwa 300,000. Maana yake sentimita moja ni kilomita tatu. Hesabu mwenyewe: kutoka Moa hadi Tanga hapafiki shibri moja, na Ngamiani yote unaifunika kwa ukucha wa kidole kidogo. Ukitaka kuona mtaa, basi, uache ramani ya nchi ushike ya mji.

Hapo ndipo unakutana na mstari wa pili, reli. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, reli ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Mwaka 1896 ilikuwa Muheza, 1902 Korogwe, 1905 Mombo, na 1911 ikagonga Moshi. Shuleni tulifundishwa kwamba reli iliunganisha pwani na bara. Ni kweli. Ila tazama ilichofanya hapa mjini: iliutenga mji pande mbili. Kaskazini, kwenye upepo wa bahari, bandari, ofisi za serikali, na nyumba za Wazungu kuelekea Bombo na Raskazone. Kusini ya reli, Ngamiani, akae Mswahili. Mpaka leo ukitoka Ngamiani kwenda bandarini lazima uvuke reli.

Mstari wa tatu ni barabara zenyewe. Ukitaka kujua kama mtaa ulikua wenyewe au ulichorwa, tazama njia zake. Mji wa Kale wa Mombasa vichochoro vinapinda: hapa vinampisha jirani, pale vinaukwepa msikiti. Ngamiani haipindi. Imepigwa rula, miraba kwa miraba, na barabara zake zikahesabiwa: ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, mpaka ukapita ya Kumi na Tano. Mtaa wa rula humrahisishia karani kazi. Anahesabu viwanja, anahesabu nyumba, anahesabu kodi. Na kodi ya nyumba Mdachi aliianza mwaka 1898.

Sasa uliweke jambo hilo karibu na jingine. Mwaka 1893, mwaka uleule wa reli, miche 62 ya mkonge iliyosalimika katika safari kutoka Florida ilifika huku pwani. Kutokana na hiyo yakaota mashamba, na mashamba yakataka watu. Wakaja kutoka bara, kila mmoja na namba yake, wakaitwa manamba. Mtaa kwa namba, mtu kwa namba. Karatasi haikutaka kujua zaidi ya hapo.

Kumbe jina lenyewe, Ngamiani, ni la watu. Lina ngamia ndani yake, mnyama ambaye mistari ile ya rula haimwonyeshi. Jina lilipita mdomoni, likaishi. Na mwenzake lipo baharini. Kisiwa kilicho mbele ya bandari, chenye magofu ya misikiti na makaburi, tunakiita Toten tukidhani ni Kiswahili. Ni Kijerumani: wafu. Mgeni aliona makaburi, akaandika, nasi tukaendelea kutamka. Hayo ndiyo majina: asiyeandika lake ataitwa kwa la mwenzake.

Lakini tusiseme kwamba wenyeji walinyamaza. Wakati ramani zinachapwa Berlin, hapahapa Tanga shule ya serikali ilikuwa na mtambo wake wa kupiga chapa, na mwaka 1904 likatoka gazeti la Kiswahili, Kiongozi. Lilikuwa gazeti la serikali, sawa, lakini Waswahili waliandika ndani yake habari za miji yao. Mwenye kutaka kuijua Tanga ya zamani aweke ramani mkono mmoja na gazeti mkono wa pili.

Halafu kuna Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 kijijini Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji. Tunamjua kwa vitabu. Je, unajua alikula mshahara wa wapi? Kuanzia 1952 hadi 1960 alikuwa karani katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Bwana yule aliyetuandikia Kiswahili alishinda mchana katika ofisi ya watu wa ramani, na usiku akashika kalamu yake mwenyewe.

Vijana wenzangu tunaotaka kuandika, nyumba za zamani za Ngamiani zinabomolewa, na wazee wanaojua nani alikaa wapi wanapungua. Chukua karatasi, chora barabara yako. Kwenye kila mraba andika jina: fundi, mwalimu wa chuo, mama wa vitumbua, aliyejenga, aliyehama. Muulize bibi kabla hujasinzia yeye. Waja leo walituhesabu, basi. Kutaja majina ni kazi yetu tuliobaki.