"Kidogo" na "Sana": Jinsi Mashine Ilivyofundishwa kwa Maneno

Leo tuache habari za programu mpya, tuzungumze historia kidogo.

Nilipoanza kuandika programu, niliandika moja ya kuendesha feni: joto likifika nyuzi 30, washa; likishuka, zima. Kwenye 29.9 feni ililala, kwenye 30 ikavuma kwa nguvu zote. Nyanya yangu wa Mombasa, ambaye hajawahi kugusa tarakilishi, alinishinda: joto kiasi, namba mbili, joto sana, namba tano.

Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilitafutia tatizo hili hesabu yake. Mwaka 1965 alichapisha makala akisema kitu si lazima kiwe ndani au nje ya kundi. Chaweza kuwa ndani kwa kiasi. Basi nyuzi 29 zaweza kuwa "joto" kwa 0.7. Hapa hatubahatishi kama kuna joto. Tunapima neno "joto" linafaa kiasi gani. Hiyo ndiyo mantiki ya fazi.

Si wote walioipokea. Mwaka 1972 Rudolf Kalman, bingwa wa nadharia ya kuongoza mitambo, aliipinga hadharani.

Jibu lilitoka London, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tusikilize vizuri. Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa mwaka 1942 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, alikuwa mwalimu Queen Mary College. Yeye na mwanafunzi wake Seto Assilian walikuwa na mashine ndogo ya mvuke. Badala ya milinganyo migumu, waliandika kanuni kama anavyosema fundi: presha ikiwa chini sana na haipandi, ongeza moto sana. Tarakilishi ilipima kila kanuni inafaa kiasi gani, ikachanganya majibu, ikatoa namba moja. Mashine ikatulia. Matokeo yalichapishwa 1974 na 1975, na mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za Sendai, Japani, zilianza kazi zikiongozwa kwa mantiki hiyo.

Lakini tusidanganyane. Fazi haikuipa tarakilishi busara. Ilitupa njia ya kuandika busara ambayo watu tayari wanayo. Asipokuwepo fundi wa kuulizwa, kuandika kanuni kunakuwa kugumu.

Programu yangu ya feni nimeiandika upya. Ina kanuni tano, zote za nyanya.