Usiku wa Tana Hauhitaji Flashi

Wasee, kuna picha moja nimeifuta kwa simu na bado inanisumbua. Nilimpiga nyanya yangu Desemba iliyopita, saa mbili usiku, kijijini ng'ambo ya mto karibu na Garsen. Alikuwa ameketi kwa mkeka anapukuchua mahindi, koroboi iko kando yake, anatuambia vile babu alikuwa anavuka mto usiku kwa mtumbwi akijua kabisa mamba wako macho. Nikatoa simu. Flashi ikawaka yenyewe. Kwa picha, nyanya ana macho mekundu, jasho linang'aa kama amepakwa mafuta, ukuta wa udongo umekuwa mweupe, na koroboi, ambayo ndiyo ilikuwa inatuonyesha kila kitu, inakaa kama imezimwa. Nyanya akafunika uso. "Mjukuu wangu, mbona unanipiga na radi?"

Hadithi ikaishia hapo. Hakuimalizia usiku huo.

Sasa mimi nina maoni, na najua wengine mtanikataa kwa komenti: flashi ni kifaa cha mgeni. Anayepiga picha ya usiku na flashi anakuja na mwanga wake kutoka kwao, anaumwaga kwa nyumba ya watu, halafu anaondoka na picha ya huo mwanga wake. Sisemi hivi kwa hasira tu. Historia yenyewe iko hivyo, ebu tuifuate.

Unga wa kuwasha flashi ulitokea Ujerumani mwaka wa 1887. Ulikuwa mchanganyiko wa magnesiamu na kemikali nyingine, unauwasha unalipuka, mwanga mkali, moshi chumba kizima. Jacob Riis alianza kuutumia New York mara moja, akiingia usiku kwa vyumba vya maskini na kuwalipukia usoni. Nia yake ilikuwa nzuri, alitaka matajiri waone watu wanavyoishi, lakini ni yeye huyo huyo aliyewahi kuwasha nyumba moto akipiga picha. Huku kwetu unga ule ulikuja na wawindaji. Mjerumani Carl Georg Schillings alitega kamera zake usiku katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akawapiga simba na fisi, na kitabu chake cha 1905 kikaweka flashi na bunduki pamoja kwenye jina. Miaka minne baadaye Arthur Radclyffe Dugmore akaja Kenya kufanya kazi kama hiyo kwa simba. Hebu fikiria: picha za kwanza za usiku zilizotangaza Afrika Mashariki duniani zilikuwa za mnyama aliyeshtuka. Na sisi kwa Kiswahili bado tunasema "kupiga" picha. Lugha huwa na kumbukumbu.

Kuna njia ya pili, na ndiyo inanifurahisha. Badala ya kuongeza mwanga, unaongeza mdomo wa lenzi.

Kama hujawahi kushika kamera ya filamu, iko hivi. Lenzi ina tundu, na ukubwa wa tundu unaandikwa kwa herufi f na namba. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya kawaida ya kuvuta huanzia kama f/3.5. Ile ya f/1.2 inaingiza mwanga karibu mara nane na nusu zaidi. Kwa hivyo mahali ambapo lenzi ya kawaida inataka ukae robo sekunde bila kutikisika, hii inamaliza kwa sehemu ya thelathini ya sekunde, na mkono wa mtu unaweza kuvumilia hiyo. Ndiyo maana wapiga picha huiita lenzi ya kasi. Yenyewe haina mbio. Inakula mwanga haraka, basi.

Mwaka wa 1924 Wajerumani walitoa kamera ndogo ya Ermanox yenye lenzi ya f/2, iliyochorwa na Ludwig Bertele, na baadaye ikaja ya f/1.8. Kwa wakati huo hiyo ilikuwa maajabu. Erich Salomon akaificha akaingia nayo mahakamani, halafu kwenye mikutano ya wakubwa wa Ulaya, akawapiga mawaziri wakisinzia saa za usiku kwa mwanga wa taa zao wenyewe. Hakuna aliyefumba macho, hakuna aliyejipanga. Salomon alikuwa Myahudi, na alikufa Auschwitz mwaka wa 1944. Mwaka wa 1961 Canon wakaleta ya f/0.95. Leica wakafuata na Noctilux ya f/1.2 mwaka wa 1966, kisha ya f/1 miaka kumi baadaye. Bei za hizo tusizitaje, tutaharibu siku.

Lakini bingwa wa mchezo huu ni lenzi ya Zeiss ya f/0.7. Zilitengenezwa kumi tu, kwa sababu NASA walizihitaji kwa kazi za mwezini. Stanley Kubrick akanunua tatu, akapiga nazo filamu ya Barry Lyndon iliyotoka 1975, watu wanacheza kamari kwa mwanga wa mishumaa pekee. Wazungu waliisifu hiyo kama muujiza. Mimi nilipoitazama nilicheka peke yangu. Mwanga wa moto mmoja mdogo mezani, giza limejaa nyuma? Hiyo ni jioni ya kawaida kabisa kwa nyanya yangu.

Na hapa ndipo roho inaniuma kidogo. Mto huu unaopita mlangoni kwetu ndio huo huo unaowasha Nairobi. Bwawa la Kindaruma lilianza kutoa stima mwaka wa 1968. Zikafuata Kamburu, Gitaru, Masinga, na mwaka wa 1988 Kiambere. Kwa miaka mingi mabwawa hayo yalibeba sehemu kubwa ya stima ya nchi nzima. Maji yakishazungusha mitambo huko juu, yanateremka Garissa, Hola, Garsen, yanaingia baharini Kipini. Sisi wa chini tulipokea maji yaliyokwisha kazi, na mafuriko ambayo hayaji tena kwa saa zile wazee walizozijua za kupanda mpunga. Siku hizi Garsen mjini stima ipo, na nguzo za umeme mkubwa zinapita zikielekea Lamu. Ng'ambo yetu ni taa za sola na koroboi. Usiambiwe kwamba giza la Tana ni la asili. Sehemu yake lilipangwa ofisini.

Kuna usiku mmoja nauwaza sana. Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, Nairobi, saa sita, taa zilizimwa, bendera ya Mwingereza ikashuka gizani, taa zikawaka na bendera ya Kenya iko juu. Wimbo wa taifa ukapigwa. Sauti ya wimbo huo imetoka Tana River. Ni wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto alale, na tume ya watu watano, akina Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ndiyo iliyoutengeneza ukawa wa taifa. Sherehe ya Nairobi ina picha kibao. Sasa nitafutie picha ya mama wa Kipokomo wa miaka hiyo akimlaza mtoto wake usiku, ndani ya nyumba, kwa mwanga alionao. Mimi nimeitafuta na sijaiona. Na kifaa kilikuwepo! Lenzi ya f/0.95 ilikuwa na miaka miwili dukani, filamu ya Tri-X ilikuwa inauzwa kwa kamera ndogo tangu 1954. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba usiku wa Garsen ni habari.

Halafu hata angekuja na filamu ya rangi, angekutana na shida ingine. Kwa miongo mingi Kodak waliwapa wasafishaji picha kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo zikaitwa "Shirley". Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Ngozi nyeusi ikitoka kama kivuli chenye meno, shauri yako. Kinachochekesha, au kuudhi, ni kwamba waliosukuma mabadiliko wanatajwa kuwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, waliolalamika kwamba kahawia zao hazitofautiani. Kodak walipoboresha filamu miaka ya 1980, sifa yake ilisemwa kwa mafumbo: eti inaweza kupiga farasi mweusi kwenye mwanga hafifu. Farasi, wasee.

Kwa hivyo Aprili nilirudi nyumbani nimejipanga. Nilikuwa na Nikon FM2 ya mtumba, ambayo betri yake ni ya kupima mwanga tu, shata inafanya kazi bila stima yoyote. Lenzi ni Nikkor ya milimita 50, f/1.2, ya kuazima, na mwenyewe alinipigia simu mara tatu kuuliza kama bado iko hai. Filamu ni Ilford HP5, nyeusi na nyeupe. Inauzwa kama ya 400, lakini unaweza kuisukuma: unaipiga kama ni 1600, halafu inakaa muda mrefu zaidi kwenye dawa wakati wa kuisafisha. Malipo yake ni punje kubwa na vivuli ambavyo vinazama vikawa weusi mtupu. Nikapiga hesabu. Kubrick alikuwa na lenzi inayoingiza mwanga karibu mara tatu ya yangu, lakini filamu yake aliisukuma ikafika 200 tu. Kwa jumla, mtoto wa Tana alikuwa na nafuu kumliko.

Kabla ya kubonyeza chochote, niliomba. Hii naisema kwa sababu ya ngadzi. Ngadzi ni ngoma takatifu ya Wapokomo. Watu wengi waliruhusiwa kuisikia ikinguruma, si kuiona. Maafisa wa kikoloni waliichukua, na tangu 1908 iko British Museum, London. Kitu ambacho mababu walikificha machoni kikageuka kuwa kitu chenye namba ya makumbusho. Kwa hivyo hii habari ya kusema lenzi yangu inaona gizani isitupandishe vichwa. Kuna giza la umaskini, na kuna giza ambalo watu wamelichagua. Mpiga picha hawezi kuyatofautisha kwa kipima mwanga. Lazima aulize.

Nyanya aliuliza, "Hiyo haina radi?" Nikamwambia haina. Akasema, "Basi kaa."

Kupiga kwa f/1.2 si mchezo. Ukiwa mita moja kutoka kwa mtu, sehemu inayotoka wazi ina unene wa sentimita tatu hivi. Jicho likiwa wazi, sikio limeshayeyuka. Nyanya akisimulia husogea mbele na nyuma, na mimi nikawa nasogea naye kama watu wanaoimba. Nikaacha kuzungusha lenzi. Niliiweka mita moja, nikawa nangoja uso wake uingie pale. Kipima mwanga kilisema sehemu ya thelathini ya sekunde akiwa karibu na koroboi, sehemu ya kumi na tano akirudi nyuma. Nilikuwa nashika pumzi kila akitua. Cha ajabu, kwa sababu hakuna kilichowaka, baada ya dakika kumi wote walinisahau. Binamu zangu wakaendelea kugombana juu ya embe. Na nyanya akarudi mwenyewe kwa ile hadithi ya babu na mtumbwi, akaimaliza. Mwisho wake siuweki hapa.

Picha zilikuwa 36. Nzuri ni tisa. Tano kati ya zilizoharibika ni za kutikisika, nyingine nilikosa jicho nikapata kilemba. Moja ndiyo ninayoipenda: upande mmoja wa uso wake uko kwa mwanga, makunyanzi yote yanahesabika, mkono una punje za mahindi, na nyuma hakuna kitu ila weusi. Ngozi yake imetoka na tabaka zake zote, kutoka kahawia ya mwanga hadi ile nyeusi ya ndani kabisa, na ni filamu isiyo na rangi hata moja. Moto wa koroboi umekuwa doa dogo jeupe. Unajua kabisa ni nani alikuwa anatoa mwanga kwa hicho chumba.

Lazima niwaambie pia kwa nini nilijisumbua hivi. Albamu ya familia yetu ilienda na mafuriko ya 1997. Babu hana picha hata moja iliyobaki. Nyanya alikuwa na chache za studio, za mchana, zote zikaenda na maji.

Nilimpelekea ile moja, imechapishwa kubwa. Aliishika karibu na mlango kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu, mpaka nikaanza kuogopa. Halafu akaweka kidole pale nyuma, kwenye weusi, akasema, "Hapa ndipo babu yako alikuwa anakaa." Akaniuliza kama karatasi hii hunywa maji. Nikasema hunywa. Akamtuma binamu yangu dukani akalete nailoni, akaikunja vizuri, na akataka tuifunge juu kabisa, kwenye boriti, pale maji ya 1997 hayakufika.