Mofini na Mishipa ya Damu

Ukitaja mofini wodini, ndugu wa mgonjwa huuliza mambo mawili: je, hataizoea? Je, haitamkata pumzi? Ni maswali ya haki, na nimeyajibu miaka yote niliyofanya kazi ya nusu kaputi hapa Tanga. La tatu hawaliulizi, nalo ndilo lililotufundisha sisi wauguzi kuitoa dawa hii taratibu: inaifanya nini mishipa ya damu?

Dalili ilionekana tangu mwanzo. Friedrich Sertürner, mfamasia kijana wa Ujerumani, aliitenga mofini kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19. Katika makala yake ya 1817 anaeleza alivyoijaribu kwa kuimeza yeye mwenyewe pamoja na vijana watatu. Walipomeza nusu greini, kama miligramu 30, nyuso ziliwaiva hadi macho yakawa mekundu. Akaongeza nusu nyingine, kisha nyingine tena, wote wakazidiwa, ikabidi wanywe siki ili watapike. Wanaosimulia kisa hiki husimulia usingizi wao. Mimi natazama ule wekundu: mishipa midogo ya ngozi ilikuwa imetanuka.

Kisha ikaja sindano. Mwaka 1853, huko Edinburgh, Alexander Wood alianza kuchoma mofini chini ya ngozi, akiamini inatuliza neva za pale pale inapochomwa. Charles Hunter wa London alimpinga. Alichoma mbali na penye maumivu, na mgonjwa akapata nafuu ile ile. Dawa ilikuwa inasafiri na damu.

Kama inasafiri na damu, basi damu isipopita, dawa hukaa pale pale. Jambo hilo lilikuja kueleweka vizuri Italia, katika Vita Kuu ya Pili. Askari wa Marekani walibebewa vibomba vidogo vyenye nusu greini nzima, wakati sisi mtu mzima huwa tunamchoma miligramu 10 hivi. Majeruhi amelala kwenye baridi, amepoteza damu, mishipa ya ngozi imejikaza ili kuulinda moyo na ubongo. Anachomwa, maumivu hayatulii. Anachomwa tena. Anafikishwa kwenye hema la hospitali, anafunikwa blanketi, anaongezewa damu, mishipa inafunguka, na mofini yote iliyolala chini ya ngozi inaingia mwilini kwa mkupuo. Pumzi inapungua akiwa mikononi mwa madaktari. Henry Beecher, bingwa wa nusu kaputi kutoka Boston, alieleza visa hivyo mwaka 1944, akasisitiza kwamba majeruhi wa namna hiyo apewe dozi ndogo moja kwa moja kwenye mshipa, huku akiangaliwa. Sijui somo lililonifaa zaidi ya hilo kwa majeruhi wa ajali za barabarani.

Sababu ya wekundu wa Sertürner ilisubiri hadi 1951, Wilhelm Feldberg na William Paton walipoonyesha, kwa majaribio ya paka huko Uingereza, kwamba mofini huzifanya ngozi na misuli kuachia histamini, kemikali inayotanua mishipa. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani upesi. Utaijua histamini mgonjwa anapojikuna pua na kifua. Wakati mwingine, ukiisukuma dawa haraka kwenye mshipa mwembamba wa kiganja, utaona ngozi inavimba mstari mwembamba kuufuata mshipa kuelekea kiwiko. Mara nyingi uvimbe huo hupotea wenyewe.

Presha ndiyo ya kuchungwa. Mtu aliyetapika au kuharisha, au aliyevuja damu, presha yake inashikiliwa na mishipa iliyojikaza. Mofini ikiilegeza, hana akiba. Nilikuwa na mzee mmoja mvuvi, mwenye saratani ya tezi dume, aliyefika ametapika hadi midomo imekauka. Baada ya dozi ya kwanza akataka kwenda msalani.

“Baba, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda.”

“Binti yangu, haja haingoji.”

Akakaa, presha ya juu ikashuka kutoka 110 hadi 80, jasho jembamba likamtoka usoni. Tukamlaza, tukainua miguu, tukafungua dripu. Jioni alikwenda msalani kwa miguu yake, maumivu yametulia. Dawa hatukuisimamisha, na nasema hivi kwa sababu nimeona wagonjwa wakinyimwa mofini kwa kizunguzungu kilichohitaji maji tu.

Njia ya upole zaidi ililetwa karibu yetu na Anne Merriman, aliyeanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993. Unga wa mofini huyeyushwa kwenye maji, mgonjwa akanywa kila baada ya saa nne. Dawa ya kunywa hupanda kidogo kidogo, kwa hiyo mishipa haishtukizwi kama inavyoshtukizwa na sindano. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea fani hiyo kuiandika wenyewe, na chupa ikaweza kufika vijijini ambako daktari hafiki. Dozi ya kuanzia huwa ndogo, na kwa wazee na waliodhoofika hupunguzwa zaidi. Ndugu nao huambiwa mgonjwa asinyanyuke ghafla: akae kwanza, anywe maji, kisha ashikwe mkono.