Walimtibu Nusu

Mdogo wangu alitoka rihabu Septemba 2019 akiwa na begi moja, cheti kimoja na pakiti ya sigara kwenye mfuko wa shati. Siku tisini bila bangi. Mathe alichinja kuku wawili. Nilipomkumbatia pale getini nilinusa moshi kwenye kola yake, nikatabasamu tu, kwa sababu sigara zile nilikuwa nimemnunulia mimi.

Pale kituoni, ambapo sitapataja jina, bangi ilikuwa dhambi kubwa lakini sigara ilikuwa posho. Moja baada ya chai ya asubuhi, moja baada ya chakula cha mchana, mbili jioni kama umefanya usafi vizuri. Siku ya wageni nilikuwa nafika na mkate, sabuni na pakiti mbili. Mshauri aliniambia, "Hiyo ndogo mwachie kwanza, tupambane na ile kubwa." Nilimwamini. Mimi mwenyewe nilikuwa navuta, kwa hivyo ushauri ule ulinifaa pia.

Kabla ya kuingia, mdogo wangu alikuwa anavuta fegi tano kwa siku, na bangi jioni. Alitoka akivuta ishirini. Na fegi huvutiwa wapi mtaani kwetu Umoja? Huvutiwa base, nyuma ya kinyozi, na wasee walewale ambao shada huzunguka mikononi mwao. Mara nne, mara tano kwa siku alienda pale "kupiga moja tu". Krismasi haikufika kabla hajarudi kwenye ngwai. Sasa alikuwa na tabia mbili nzito badala ya moja na nusu.

Nilimlaumu yeye kwanza. Halafu nikamlaumu yule mshauri, kisha nikajilaumu mimi. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule, na nikikasirika huwa nasoma. Nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba moshi huu ni mdogo na ule ni mkubwa. Nilidhani jibu litatoka kwa madaktari. Nililipata kwenye historia.

*

Majina yenyewe yanakuambia safari. Bangi ni neno lililovuka Bahari ya Hindi: Wahindi husema bhang. Mmea wenyewe ulifika Afrika Mashariki karne nyingi kabla ya Mzungu kuiona Mombasa. Huko Ethiopia wanaakiolojia walichimbua viko vya kale vyenye mabaki ya bangi, na umri wake ukakadiriwa kuwa karne ya 13 au 14. Kwa hivyo watu wa upande huu wa dunia walijua kuvuta moshi kwa kiko kabla hawajaona jani moja la tumbaku.

Tumbaku ni mgeni wa baadaye. Asili yake ni Marekani ya wenyeji wa kale, na Ulaya haikuijua kabla ya safari ya Columbus ya 1492. Vasco da Gama alitia nanga Malindi 1498, na katika karne zilizofuata meli za Wareno na wafanyabiashara wengine zilisambaza tumbaku hadi kila bandari. Ilipofika, ilikuta viko tayari. Lugha yetu haikuhangaika kutafuta neno jipya la kazi hiyo. Bangi unavuta, tumbaku unavuta. Kitenzi ni kimoja hadi leo.

Sheria ndiyo iliyokuja kutenganisha.

Mwaka 1907 kampuni ya British American Tobacco ilianza biashara yake Mombasa. Miaka saba baadaye, 1914, serikali ya kikoloni ikapiga bangi marufuku kwa kuitia kwenye sheria ya kuzuia afyuni. Mmea mmoja ukapewa duka na mwingine ukapewa pingu.

Usifikirie kwamba Waingereza walikuwa wamepima wakaona bangi ndiyo mbaya zaidi. Walikuwa wamepima, na majibu hayakuwa hayo. Mwaka 1893 na 1894 waliunda tume kubwa India kuchunguza bangi, ikasikiliza mashahidi zaidi ya 1,000, ikaandika ripoti ya mabuku kadhaa. Tume ilisema matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa kwa wengi, ila matumizi ya kupita kiasi yanadhuru, na ikapendekeza udhibiti na kodi badala ya marufuku. Upande wa tumbaku hakukuwa hata na swali. Ushahidi mzito kwamba sigara inaleta saratani ya mapafu ulikuja 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha utafiti wao London. Kufikia hapo sigara ilikuwa imeshatulia nchini kwetu miaka arobaini na zaidi.

Guka wangu alirudi kutoka Burma baada ya vita vya pili na koti la jeshi na tabia ya kuvuta. Alivuta hadi alipokufa. Hakuna mtu kijijini aliyemwita mvutaji. Alikuwa mzee tu, na mzee ana sigara yake. Kaka yake mkubwa alilima bangi kidogo nyuma ya zizi, na yeye ndiye aliyefungwa. Nyumbani tulikua tukisikia hadithi za Guka kama hadithi za shujaa. Za yule mwingine tulizisikia kwa minong'ono, na kila mara zikaishia na neno Mathari.

Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi, ilianzishwa 1910. Kwa hivyo kati ya 1907 na 1914 vitu vitatu viliwekwa mahali pake: kampuni ya sigara, hospitali ya wagonjwa wa akili na marufuku ya bangi. Vizazi vinne baadaye bado tunafikiri kwa ramani ile. Mtoto akishikwa na bangi familia huitisha mkutano. Akishikwa na sigara anagombezwa, halafu siku moja anatumwa dukani akamletee mjomba wake moja.

*

Huru tulipopata, ramani haikubadilika sana. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ilimwekea anayepatikana na bangi yake mwenyewe kifungo cha hadi miaka kumi. Marekebisho ya 2022 yalipunguza, lakini jela na faini bado zipo. Sigara nayo ilitangazwa redioni na kwenye mabango hadi sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007, miaka mitatu baada ya Kenya kuridhia mkataba wa kimataifa wa tumbaku. Sheria hiyo inakataza hata kuuza pakiti yenye sigara chini ya kumi. Nenda kioski chochote leo jioni uitishe moja, uone kama utanyimwa.

Sisemi bangi haina neno. Nimemwona mdogo wangu akisikia sauti ambazo hazikuwepo, na utafiti wa miaka mingi unaonyesha kuwa kijana anayevuta sana, hasa yenye nguvu, anajiongezea hatari ya ugonjwa wa akili. Ninachosema ni kwamba ukubwa na udogo tulioambiwa na yule mshauri haukupimwa kwenye mapafu. Ulipimwa mahakamani. Tumbaku ndiyo inayoua watu wengi zaidi ya hizo mbili, na wala si kwa kukaribiana.

Utafiti wa NACADA wa 2022 ulisema Wakenya milioni 2.3 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia tumbaku, na karibu 519,000 wanatumia bangi. Nilipoona namba hizo nilimfikiria mdogo wangu. Yuko kwenye safu zote mbili. Anahesabiwa mara mbili, lakini kila alipotafuta msaada alitibiwa nusu.

Kwa sababu kulikuwa na nusu ya pili pia. Mwaka 2021 kifua kilimsumbua, nikampeleka hospitali. Daktari, mwanamke mpole tu, akauliza kama anavuta. "Sigara," akasema. Ngapi? "Kama kumi." Daktari akamweleza vizuri habari za kuacha, akaandika. Tulipotoka nikamuuliza mbona hakutaja ile nyingine. Akaniangalia kama mtu asiyejua mjini.

"Brathe, nimwambie daktari kosa la jinai na jina langu liko kwenye faili?"

Basi ndivyo ilivyo. Rihabu walisikia bangi wakapuuza sigara. Hospitali walisikia sigara kwa sababu bangi haisemeki. Mapafu ni yaleyale na kiberiti ni kilekile.

*

Mwili haujui habari za 1914. Mtu akiacha nikotini, siku za kwanza huwa na hasira, usingizi unakatika, akili haitulii. Akiacha bangi baada ya kuivuta kila siku, mambo ni hayohayo: hasira, usingizi mbaya, ndoto za ajabu, chakula hakipiti. Zamani watu walibisha kwamba bangi haina arosto. Tangu 2013 hali hiyo imeandikwa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaotumika sehemu nyingi za dunia. Kwa kawaida huanza ndani ya siku moja hadi tatu, hukaza wiki ya kwanza, halafu hupungua kidogokidogo.

Sasa fikiria mtu anayevuta vyote akiacha kimoja tu. Usiku wa tatu halali, mikono inamwasha, na kile kingine kipo mfukoni kikimwita. Anakiongeza. Hiyo ndiyo hesabu ya sigara tano kuwa ishirini.

Kwa nikotini kuna silaha. Bazoka ya nikotini ilitokana na nyambizi: mwaka 1967 mtafiti wa Lund, Uswidi, aliona wanamaji wasioruhusiwa kuvuta chini ya maji wakijituliza kwa tumbaku ya mdomoni, akamwandikia rafiki yake Ove Fernö aliyefanya kazi kwenye kampuni ya dawa. Bazoka iliingia sokoni mwaka 1978 huko Uswisi. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, pamoja na viraka vya kubandika kwenye ngozi. Kwa bangi hakuna dawa kama hiyo iliyoidhinishwa. Kinachosaidia ni mazungumzo na mshauri aliyefunzwa: kujua saa gani hamu inakuja, nani yuko pale, na utafanya nini badala yake. Kama ni kuacha vyote siku moja au kimoja kwanza, wataalamu hawana jibu moja kwa kila mtu. Lakini hata ukianza na kimoja, lazima kile kingine kiwe kwenye mpango. Kisiachwe mlangoni.

Tulijifunza hayo 2023, kwenye zahanati ndogo upande wa Eastlands. Mshauri pale, mama mmoja wa makamo, hakuuliza unavuta sigara, wala hakuuliza unavuta bangi. Kwanza alisema yanayozungumzwa mle ndani yanabaki mle ndani. Kisha akauliza, "Mwanangu, unavuta nini?"

Mdogo wangu akanyamaza kidogo. "Vyote, mathe."

"Kwa siku moja, kuanzia unapoamka. Niambie yote."

Ilichukua karibu saa nzima. Nilikaa pembeni nikasikia siku ya mdogo wangu kwa mara ya kwanza. Sigara ya choo. Ya stage. Ya baada ya ugali. Shada la saa mbili usiku, na fegi mbili za kulifuata. Mama yule alichora yote kwenye karatasi, na ilipoisha ilionekana wazi kwamba sigara ya saa moja jioni ndiyo iliyokuwa inafungulia bangi mlango. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe unayemsindikiza?"

Tuliacha pamoja, tarehe moja, sigara na bangi. Bazoka tulinunua wote wawili, na bei yake ilinitoa macho, maana sigara moja unaipata kwa sarafu za chenji na tiba yake inataka noti. Alibadilisha kinyozi ili asipite base. Jioni saa moja tulikuwa tunatembea hadi Donholm na kurudi, tukigombana njia nzima. Wiki ya pili alinirushia sahani. Wiki ya tano alilala usiku kucha, mathe akaja kunigongea aniulize kama bado anapumua.

Hakunyooka moja kwa moja. Aliteleza mara mbili, mara ya pili kwenye matanga ya rafiki yetu wa mtaani. Tofauti ni kwamba alinipigia simu usiku uleule, na tukarudi kwa mama yule Jumatatu akiwa na mambo yote mawili ya kusema, bila kuficha moja. Mimi nimeteleza mara tatu, na yeye ndiye huniuliza.

Kama una mtu wako anayevuta, muulize kama alivyouliza yule mama, na umwache ajibu mpaka mwisho. Namba ya NACADA, 1192, haikutozi chochote. Na siku ukimtembelea popote atakapokuwa, peleka mkate na sabuni. Zile pakiti mbili ziache dukani.