Jeni yenye ilipatikana mara mbili

Wandugu, tukisikia levire tunawaza mkate na pombe, basi. Lakini ni ndani ya hiyo chachu watafiti walielewa namna seli inajiokoa wakati kazi inaizidi.

Kila seli ya levire iko na karakana yake, retikulumu ya endoplasma. Protini nyingi zinaingia humo kama uzi, zinakunjwa mpaka zipate umbo lao. Zikikunjwa vibaya, zinalundikana. Mwaka 1988, timu ya Mary-Jane Gething na Joseph Sambrook, kule Dallas, ilionyesha katika seli za wanyama kwamba mlundikano wenyewe unatuma ujumbe kwenye kiini: leteni protini wasaidizi. Sasa, nani anabeba ujumbe?

Mjapani Kazutoshi Mori alitafuta jibu hapo hapo Dallas. Kule San Francisco, Peter Walter alilitafuta pamoja na Jeffery Cox na Caroline Shamu. Pande zote mbili zilichagua levire. Walipanga koloni igeuke buluu ujumbe ukifika, kisha wakachambua zile zilizokataa kugeuka. Mwaka 1993 wote walichapisha jeni moja: IRE1. (Mwenye anaandika tefe anaijua hofu hiyo: unamaliza, kumbe mwingine naye amemaliza.)

Lakini jina hilo hawakulitunga wao. Mwaka 1992, Jun-ichi Nikawa na mwenzake walikuwa wamekwisha kuipata jeni hiyo wakitafuta kitu kingine kabisa. Levire isiyo nayo haikui mpaka uiwekee inositoli, malighafi ya mafuta yanayojenga utando. Utando na kukunja protini, wapi na wapi?

Kwanza ilijulikana namna ujumbe unapita. Mwaka 1996, maabara zote mbili zilifika kwenye jeni nyingine, HAC1. RNA yake inakaa tayari, lakini kipande cha herufi 252 kinaizuia isisomwe. Ire1 inakata kipande hicho, na kimeng'enya cha kuunga tRNA kinashona ncha mbili. Hakuna aliyekitarajia hapo.

Mwaka 1997 Cox, Chapman na Walter wakajibu lile swali la inositoli. Karakana ikijaa, seli haiongezi wafanyakazi tu, inapanua na nyumba: ujumbe ule ule unawasha utengenezaji wa utando.

Mori na Walter walipewa tuzo ya Lasker mwaka 2014. Jeni yenyewe ingali na jina la 1992, na herufi zake zinatoka kwenye maneno "yenye kuhitaji inositoli".